Blanketi la Sufu Juu ya Meko

Watu wanaoandika mashairi hupenda kusema kwamba moto husafisha. Nimewasikia wakisema hivyo katika vikao vyetu vya washairi, glasi mkononi, nyuso zimewaka, na kila mara nimetamani kuwapeleka Muyama, katika jiko la aliyekuwa mama mkwe wangu, niwaketishe chini ya uchaga wake, kile kichanja cha miti juu ya meko, na kuwaambia watazame juu. Moto hausafishi. Moto hula. Na ule unaokula polepole, bila mwali na bila kelele, kila siku kidogo kati ya uji wa asubuhi na maharagwe ya jioni, ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu siku kitu kinapoanguka hakuna anayeukumbuka. Watu hutafuta mkono wa mtu.

Walitafuta, wakaupata wangu.

Niliolewa Muyama nikitokea Kibondo, katika miaka ile ambayo watu walikuwa wameshaondolewa migombani kwao na kupangwa mistari mistari kando ya barabara, nyumba ikitazamana na nyumba kama wanafunzi gwarideni. Mume wangu alikuwa karani wa ghala la kahawa mjini Kasulu. Alikuja nyumbani Jumamosi, akaondoka Jumatatu alfajiri akiwa amevaa shati nililolinyoosha mimi. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu na mama yake.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu. Aliletwa kutoka ng'ambo, Burundi, akiwa msichana, kabla mpaka haujawa kitu cha kuogopwa. Ndugu zake waliobaki kule walimalizika katika vurugu, na walionusurika walitawanyika huku na huku katika makazi ya wakimbizi, hakujua nani yuko wapi. Haya niliambiwa na majirani. Yeye hakuwahi kuniambia neno ambalo halikuwa amri au lawama. Hata salamu aliigeuza kuwa lawama. Nilipopiga makofi na kuinama, "Mwidiwe, mama," kama Waha wanavyosalimia, aliyapima kwanza magoti yangu kwa macho kuona kama yameinama vya kutosha, ndipo akaitikia.

Sikumpenda. Naandika hivyo bila kupunguza kitu. Nilijaribu mwezi wa kwanza, nikaacha.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikodi kipande cha baraza mbele ya duka la Mwislamu mmoja mjini Kibondo, na mimi nilikulia chini ya meza yake, katikati ya vipande vya kaniki na bafta. Wateja walitoka Murungu na vijiji vya mbali wakileta vitambaa walivyouziwa na wachuuzi, wakiapa kwamba ni pamba tupu. Baba hakubishana nao. Alichomoa uzi mmoja, akauwashia kiberiti, akaupitisha chini ya pua yake, kisha chini ya pua ya mteja. Pamba ikiungua hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi linalopeperuka ukihema. Tetroni, uzi wa kiwandani, hujikunja, hutiririka kama nta, halafu huganda ikawa shanga ngumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua.

"Si inanuka tu kama nywele," aliniambia. "Ni nywele. Pamba ni mmea, sufu ni mnyama. Utawezaje kuvipika jiko moja?"

Nilijifunza kwake pia kwamba nguo haisubiri kuungua ndipo ife. Alinionyesha suruali ya kaki ya karani mmoja aliyetaka mstari mkali kila asubuhi. Kitambaa chote kilikuwa kizima, ila pale penye mstari palikuwa pamekatika kutoka gotini hadi chini, kama pamepitishwa wembe. Alinionyesha bafta nyeupe iliyogeuka rangi ya chai kwa kunyooshwa na pasi kali mno, ukiivuta kidogo tu inaachia. Kila uzi, alisema, unaishi na unyevu wake mdogo ndani. Joto huunyonya. Ukinyonywa mara moja, uzi hulala, halafu huamka na umande. Ukinyonywa kila siku, inafika siku hauyajui tena maji. Sufu ndiyo hufa vibaya zaidi. Kwanza inakuwa ya manjano, kisha inakwaruza, kisha inakuwa vumbi lililokubali kushikana kwa muda tu.

Siku ya kuondoka kwetu alinipa pasi ya mkaa, ya chuma, yenye jogoo mdogo kwenye kifungio chake. Kule Muyama ikanipa jina. Sikuitwa mke wa fulani. Niliitwa Mama Pasi, na halikuwa jina la upendo.

"Mama Pasi, leo unamchoma nani?" vijana walinipigia kelele nilipokuwa nikipuliza makaa nje.

Mama mkwe alikuwa akikaa mlangoni akinitazama nikinyoosha mashati ya mwanawe. "Nguo inayopigwa moto kila wiki inakufa kabla ya mwenye nguo," alisema. Alisema kweli, na kwa kuwa alisema kweli nilizidi kumchukia.

Blanketi lilikuwa la marehemu mumewe. Katika ujana wake alikwenda kukata mkonge huko Tanga, kama walivyokwenda wanaume wengi wa nchi ile, na alichorudi nacho kikubwa kilikuwa blanketi la sufu, la kijivu, lenye mstari mwekundu pembeni, zito kama mtoto aliyelala. Milimani kule, ambako ukungu huingia ndani ya nyumba na kuketi kama mgeni, blanketi la namna hiyo halikuwa nguo tu. Alilivaa mabegani kwenye vikao, na watu wakalijua kama walivyojua uso wake.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Mwenye mji, yaani boma na mashamba yake, akifa, nguo aliyovaa mabegani inatunzwa na mjane mpaka siku ya kumsimika mrithi, ambayo inaweza kukawia miaka. Siku hiyo mdogo wa marehemu huikunjua mbele ya watu na kumfunika mtoto wa kiume. Aliyefunikwa ndiye mwenye mji. Asiyefunikwa ni mpangaji katika nyumba aliyozaliwa. Zamani nguo hiyo ilikuwa ya gome la mti, na ilitunzwa juu ya uchaga, pale juu ya mafiga, ambapo moshi huzuia wadudu. Gome lilikaa humo kizazi na kizazi bila kudhurika. Kwa hiyo aliposhika blanketi la mumewe, mama mkwe alifanya kama mama mkwe wake alivyofanya. Alilikunja, akalizungushia mkeka mchakavu, akaliweka juu ya moto.

Hakuna aliyefikiri kwamba lile halikuwa gome. Na hakuna aliyefikiri kwamba hata moto haukuwa ule ule. Katika nyumba ya zamani, kule migombani, uchaga ulikuwa juu sana chini ya nyasi, na moto ulikuwa wa magogo yanayofukuta tu. Jiko la kijiji kipya lilijengwa kwa haraka, paa chini, uchaga chini, ukisimama wima unagonga kichwa. Kuni zilikuwa vijiti vikavu vya mbugani, vinavyotoa mwali mrefu. Mwali ule ulilamba hewa chini ya mkeka asubuhi na jioni. Blanketi lililokuwa likivutishwa moshi kule, huku lilikuwa likiokwa.

Aliyelisubiri kuliko wote alikuwa baba mdogo, mdogo wa marehemu. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti nzuri ya kuongoza sala na macho ya mtu anayepima shamba la jirani. Alikuja kila baada ya ibada, akaketi, akaomba maji, akapewa rubisi, pombe ya ndizi, kwa sababu sote tulijua maji aliyoyataka ni yapi.

"Shemeji," alimwambia mama mkwe, "nguo ya kaka ipo?"

"Ipo."

"Iko salama?"

"Iko ilipokaa nguo ya baba yenu."

"Vizuri. Maana mwanamke asiyeweza kutunza blanketi moja hataweza kutunza mji. Likiharibika, mji unarudi kwetu wanaume wa ukoo, na wanawake wanarudi kila mmoja kwao." Akanigeukia na kutabasamu. "Au vipi, Mama Pasi? Kwenu Kibondo si mbali. Lori moja tu."

Mama mkwe alikuwa akipepeta maharagwe. Mkono wake ulisita, kisha ukaendelea. Ndivyo nilivyoelewa kwamba kitu kile kilichofungwa mkekani kilikuwa kimetubeba sisi sote wawili, mimi na yeye, tuliochukiana.

Katika masika moja paa la jiko lilivuja, na matone meusi ya masizi yakaanguka kwenye ugali. Mama mkwe alikuwa shambani. Niliushusha mkeka, nikalitoa blanketi nje kwenye kijua cha mchana kabla mvua haijarudi. Nilipoweka kiganja chini yake nilihisi kitu ambacho mtoto wa fundi hakisahau. Upande wa juu ulikuwa sufu, laini, wenye mafuta yake. Upande wa chini, uliotazama moto, ulikuwa kitu kingine. Ulikwaruza. Nilipoondoa mkono, vumbi la kahawia lilibaki vidoleni, na mistari ya kiganja changu ikaonekana kama imechorwa.

Pasi yangu ilikuwa karibu, inafuka, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na shati lilikuwa linasubiri. Majirani waliona vyote viwili, blanketi na pasi.

Mama mkwe alitokea kwenye kona na jembe begani. Hakupiga kelele. Aliliweka jembe chini, akaja, akalichukua blanketi kama mtu anavyomchukua mtoto kutoka mikononi mwa mlevi.

"Nani amekutuma?"

"Mama, linakufa. Shika hapa chini. Ni moto wa jikoni, linakauka—"

"Nani amekutuma, nimeuliza?"

"Hakuna."

"Basi asiyekutuma hana kazi kwako. Kapige pasi yako." Na alipokuwa akiingia jikoni alisema bila kugeuka, "Wewe ulilelewa na sindano. Usinifundishe moto."

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu. Alikuwa akiosha miguu nje, suruali imekunjwa. Nilimweleza vizuri, kama baba yangu alivyonieleza: uchaga upo chini mno, sufu si gome, liondolewe, liwekwe ndani ya sanduku na majani makavu ya kuzuia nondo.

"Umelishika?" ndilo alilouliza.

"Nimelishika, ndiyo maana najua."

"Hukupaswa kulishika."

"Litaanguka siku watakapolikunjua. Litaanguka juu yako."

"Mama anajua anachofanya," alisema, akaendelea kuosha kidole hiki na kidole kile, mtu msafi, mtu mpole, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumpinga mtu aliye karibu. Nimekutana na watu wakatili walionidhuru kidogo kuliko upole ule.

Siku ya kumsimika ilipangwa baada ya kuvuna. Watu walijaa. Walikuja wa ukoo kutoka vijiji vya jirani, wengine kutoka mjini Kasulu, wamevaa makoti. Mitungi ya rubisi ilipangwa kivulini. Tulipika tangu alfajiri, na moto wa siku ile ulikuwa mkubwa kuliko siku zote. Niliutazama mkeka juu ya sufuria za wali na nyama, mvuke na mwali vikipishana chini yake. Nilikuwa nimeshasema. Waliokuwa na masikio walikuwa wamenisikia.

Baba mdogo alisali kwanza, sala ndefu yenye Ibrahimu na Isaka na Yakobo ndani yake. Kisha mume wangu akaketishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja. Mama mkwe akaingia jikoni, akatoka na mkeka mikononi. Alitembea taratibu. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa mzuri.

Baba mdogo alilipokea blanketi, akalishika kwa ncha mbili, akaliinua juu ili likunjuke.

Halikukunjuka. Lilikatika. Kwanza mkunjo mmoja, kwa sauti ndogo kama ya jani kavu, kisha mwingine, na mwingine, na kipande kizima kikamwangukia mume wangu kichwani na mabegani, si kama nguo bali kama ukoko uliobanduka sufuriani. Vumbi la kahawia likapanda. Mume wangu alikohoa. Mikononi mwa baba mdogo zilibaki ncha mbili na kipande cha mstari mwekundu.

Kuku mmoja alikuja kudonoa kilichoanguka.

"Kaka amekataa," alisema baba mdogo. Aliyasema maneno hayo upesi mno. Yalikuwa tayari kinywani, yalingoja mlango tu.

"Kaka hajakataa," mzee mmoja akasema. "Hiyo imechomwa. Tazama rangi."

"Nani achome nguo ya marehemu?"

"Muulizeni aliyelitunza."

Wote wakamgeukia mama mkwe. Alikuwa amesimama na mkeka mtupu. Niliona macho yake yakishuka kwenye vile vipande, yakapanda, yakaenda mpaka mlangoni pa jiko, pale penye giza na moto, yakakaa huko kidogo. Alijua. Nasema tena, alijua. Kisha yakatoka jikoni yakaja kwangu.

"Lilishushwa wakati wa masika," alisema. "Mimi nikiwa shamba. Nililikuta nje."

"Na pasi ilikuwa inafuka," mwanamke wa jirani akadakia. "Niliona kwa macho yangu. Nikasema leo Mama Pasi ananyoosha mpaka marehemu."

Watu wengine walicheka, kicheko kile kifupi cha watu wenye hofu. Baba mdogo hakucheka. "Mkamwana," aliniita, kwa upole wa kanisani, "njoo hapa mbele. Jieleze."

Nilijieleza. Mungu anajua nilijieleza vizuri. Nilichukua vipande viwili, nikavionyesha. Huu ni upande uliotazama juu, uvuteni, haukatiki. Huu ni uliotazama moto, ni vumbi. Pasi ingeacha alama moja, yenye umbo la pasi, na pembeni pangekuwa pazima. Hapa hakuna alama, hapa upande mzima umekufa sawasawa, kama mkate ulivyoiva chini. Ni uchaga. Ni jiko hili jipya. Si kosa la mtu.

"Gome la babu lilikaa juu ya moto miaka yote," mzee akasema. "Mbona halikufa?"

"Gome ni mti, babu. Hili ni sufu. Ni manyoya ya kondoo."

"Ya nini?"

"Ya kondoo."

"Heee! Kwa hiyo kaka alikuwa akivaa kondoo?" Sasa kicheko kilikuwa kikubwa. "Kondoo gani wa kijivu na mstari mwekundu? Tuonyeshe na mkia!"

Nilikuwa na hasira. Hasira ikiwa kali sana inajiona akili. Nilikumbuka baraza la Kibondo, uzi, kiberiti, pua ya mteja anayenyamazishwa bila ubishi. Niliingia jikoni, nikatoka na kaa la moto kwenye kigae. Nilichomoa uzi kutoka upande wa blanketi uliobaki mzima na kutoka pindo la kitenge changu nikachomoa uzi mwingine.

"Nuseni wenyewe," nilisema. "Hii ya kitenge ni pamba." Niliuweka kwenye kaa. Ukawaka kidogo, harufu ya karatasi, jivu likapeperuka. Wazee walio karibu wakaitikia kwa kichwa. "Na hii ni ya blanketi."

Uzi wa sufu ulijikunja, ukachemka, ukawa nukta nyeusi. Harufu ikapanda. Ilikuwa harufu ile ile niliyoijua tangu utotoni, kali, ya kuziba koo, ikaenea uwanjani kwenye hewa iliyotulia, ikawafikia kina mama waliokaa kwenye majani.

"Imana, Mungu wangu!" bibi mmoja akapiga kelele, akaziba pua na kitambaa. "Nywele! Hizo ni nywele za mtu!"

Nikasema, ndiyo, ni nywele, lakini za kondoo. Hakuna aliyesikia zaidi ya ndiyo.

"Amekubali! Mmemsikia?"

"Nguo yake hainuki hivyo. Ametuonyesha mwenyewe. Nguo ya kawaida inanuka karatasi."

"Nywele za nani amezisokota humo?"

"Kwa nini unafikiri hajashika mimba mpaka leo?"

Walikuwa Wakristo wote. Walikuwa wametoka kusema amina. Lakini kila mmoja katika uwanja ule alijua tangu alipokuwa mgongoni kwamba nywele za mtu zikiunguzwa ni kazi ya nani na kwa shabaha gani, na mimi, niliyekuwa nikishinda siku nzima na harufu ile Kibondo, ambako ilikuwa harufu ya ukweli wa bei, sikufikiri ingeweza kuwa kitu kingine. Nililitoa kaa mwenyewe. Nililinganisha uzi na uzi mbele yao kama mwanasheria. Kila hatua ya ushahidi wangu ilikuwa safi, na kila hatua ilinipeleka kisimani.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa bado ameketi kwenye kigoda, vumbi la baba yake kwenye nywele, ameiweka mikono magotini. Nilisubiri. Alipangusa bega moja. Kisha bega la pili.

Kikao hakikuwa kirefu. Mambo yaliyoamuliwa zamani hayahitaji maneno mengi. Baba mdogo alitangaza kwamba mji utakuwa chini ya mikono yake "mpaka Mungu atakapoonyesha njia nyingine." Mume wangu atabaki na chumba chake, kwa kuwa yeye hana hatia. Mjane atabaki, kwa kuwa alitunza alichopewa, na kilichotokea kilitokea mgongoni mwake. Mimi nirudi kwa baba yangu, nikapumzike.

"Ukapumzike," alisema. Alilichagua neno kwa uangalifu, kama mtu anayechagua jiwe.

"Nenda tu kwanza," mume wangu aliniambia nilipokuwa nikifunga nguo zangu asubuhi. Alisimama mlangoni bila kuingia. "Mambo yakipoa nitakuja."

"Ulijua," nilimwambia. "Nilikuambia kabla."

"Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Kwamba ni mama?"

Hakuja. Sikumsubiri pia, ingawa ilinichukua muda kujua kwamba simsubiri.

Nilipotoka na furushi kichwani, mama mkwe alikuwa kwenye mlango wa jiko. Moto ulikuwa unawaka nyuma yake na uchaga ulikuwa mtupu. Nilitaka kupita. Alisimama njiani.

"Mkamwana."

Sikupiga makofi. Sikuinama. Nilisimama wima mbele yake kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba hakuwa mrefu kunizidi.

"Ni moto wangu," alisema kwa sauti ya chini, haraka, macho yake yakichungulia uwanjani kama kuna mtu. "Nililijua tangu siku ile ulipolitoa nje. Ulipoondoka nililishika. Vumbi likabaki mkononi."

"Kwa nini hukulitoa?"

"Ningelipeleka wapi? Lingeonekana. Nikasema labda litavumilia. Labda nitakufa kabla."

"Basi twende ukawaambie. Baba mdogo yuko pale, anakunywa. Twende sasa hivi."

Alinitazama kama nimesema upuuzi wa mtoto. "Nikawaambie nini? Nikiwaambia leo, kesho nalala wapi? Wewe una baba. Ukifika Kibondo kuna mtu atakufungulia mlango. Mimi nikivuka hapa," akaonyesha kwa kidevu barabara, vilima, na ng'ambo ya vilima, "namgongea nani?"

Nilikuwa na majibu mengi, na miaka hii yote nimeendelea kuyatunga, marefu, yenye mapigo mazuri. Hakuna hata moja ambalo lingemfungulia mlango. Hilo halikunifanya nimhurumie. Mtu anaweza kuelewa kabisa kwa nini amesukumwa, na bado akaichukia mikono iliyomsukuma.

"Lazima awe mmoja wetu," alisema. "Nilichagua."

Aliingia ndani, akatoka na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Baba mdogo na wengine wawili walikuwa wameshatugeukia kutoka kivulini. Nilivipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa, na yeye akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Safari njema, na Mungu akusamehe."

Nilikwenda mpaka pale barabara inapokata kona juu ya mteremko, ambapo mtu aliyesimama kwenye mlango wa jiko lile anaweza kukuona mara ya mwisho. Lori la kwenda Kasulu lilikuwa bado halijasikika. Niligeuka ili nihakikishe kuwa yupo. Alikuwepo. Nikaushusha mzigo ule wa viazi, nikauweka katikati ya njia, taratibu, wazi, ili asije akadhani umeniponyoka. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Vilikuwa bado vinafuka nilipoviacha.